Mwanamke wa Juu ya Saa

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno, baba alirudi kutoka Riyadh na saa kubwa ya Kifaransa. Sisi tulikaa Jeddah. Baba alikuwa dereva wa kafili wetu, yaani mdhamini wetu nchini, tajiri aliyekuwa akijenga kasri Riyadh. Ilikuwa miaka ya neema ya mafuta; watu kama yeye wakinunua vyombo vipya, vya zamani waliwagawia watu wao.

Saa ilikuwa ya shaba iliyopakwa dhahabu. Juu yake ameketi mwanamke wa kale, bega wazi, kitabu mapajani. Mimi niliona uzuri mtupu. Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja, aliona jengine. Mama alikuwa mjamzito.

"Mwenye mimba hatazami sanamu," bibi alimwambia. "Mtoto atatoka kama huyo. Bubu."

Mama alicheka. Lakini kila akiifuta vumbi saa ile, nilimwona akisita mbele ya ule uso.

Mdogo wangu Nassor alizaliwa mzuri, mtulivu kupita kiasi. Sufuria ikianguka nyuma yake, hashtuki. Daktari aliposema mtoto hasikii, baba aliipakia saa garini, na hatukuiona tena.

Mama aliacha kula. Alilala ameelekea ukutani, akirudia, "Nimemharibu mwenyewe, kwa macho yangu."

Asubuhi moja bibi aliingia na bakuli la uji, akakaa kitandani. Mimi nilikuwa nikimbembeleza Nassor.

"Kula, mwanangu. Maneno yale niliyatunga. Sikuipenda tu ile saa."

Mama aligeuka. "Wallahi, mama?"

Bibi alimtazama Nassor, akamtazama mama.

"Wallahi."

Mama akapokea kijiko.

Siku zilizofuata bibi alifunga, na haukuwa mwezi wa kufunga. Nilipomuuliza sababu, alinambia nende nikacheze.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nilipofika Unguja, nikakaa na wanawake waliokua pamoja na bibi. Wote waliyajua maneno yale ya sanamu na mimba. Waliyasikia kwa mama zao, na bibi alikuwa wa kwanza kuwaonya wenzake. Hapo nikafahamu kuwa alikuwa akifunga kafara ya kiapo cha uongo.

Saa ile sijui ilifanya nini, na sidhani ilifanya lolote. Lakini bibi aliamini, mpaka anakufa. Aliamini kuwa yale aliyomwonya mama ni kweli, akaapa kwa Mungu kuwa ni uongo, ili mama ale.