Sensa za Zamani za Mama Luseno

Mafundi wengi wa siku hizi wana neno moja tu mdomoni: "Hii ni ya kutupa." Mwonyeshe redio, ni ya kutupa. Mwonyeshe pasi, ni ya kutupa, na kwa bahati njema anajua duka linalouza mpya. Ndiyo maana nataka kusimulia habari za Nakhumicha, fundi wa kike kutoka Dandora, ambaye tangu nimjue sijamsikia akilitamka neno hilo hata mara moja.

Jirani yangu hapa Buruburu ni Mama Luseno, mjane wa miaka sabini na minane. Tumegawana ukuta mmoja tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Mwezi wa tatu alianguka bafuni asubuhi, akalala sakafuni hadi saa sita mchana, nami niko upande wa pili wa ukuta nasikiliza taarifa ya habari. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mwanawe, Luseno, anayeishi Njiru, akasema basi: mama atahamia kwake, labda kipatikane kitu cha kumjulisha kila asubuhi kwamba ameamka salama.

Fundi wa kwanza alitaka kuweka kamera. Mama alimfukuza.

"Niangaliwe nikitembea na leso ndani ya nyumba yangu, kama niko kwa TV? Toka!"

Nakhumicha alikuja wa pili. Aliinua macho tu, akaviona vile vidude vyeupe kwenye pembe za dari, sensa za king'ora cha wezi alichoweka marehemu mzee miaka ya tisini. Kampuni iliyoziweka ilishafungwa zamani, na kazi pekee iliyozibakia ilikuwa kufuga buibui.

"Mama, hizi zinajua tu mtu amepita," akasema. "Hazijui amevaa nini. Nikizipata zikiwa hai, zitakutosha."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Nakhumicha alianza kuchambua nyaya kabla hajajua kusoma, akimsaidia mamake kutenganisha shaba na plastiki kule Dandora, na mikono yake bado ina subira ile. Kila sensa ilikuwa na nyaya nne, mbili za kuilisha umeme na mbili za kuleta habari. Sensa zinakula volti kumi na mbili, ilhali kile kibao chake cha waifai cha kutuma ujumbe kwa simu, kidogo kama kiberiti, kikionja volti hizo kinaungua. Basi akaziacha nyaya za umeme kwenye betri mpya, ili hata stima ikipotea kazi iendelee, na zile za habari ndizo akaziunga kwenye kibao hicho. Alinieleza kwamba sensa ni swichi tu: kukiwa kimya imefunga, mtu akipita inaachia. Alipima kila waya mara mbili na kuufunga uzi wa sweta wa rangi yake. Kati ya sensa tano, tatu zilikuwa hai: ya korido, ya jikoni na ya sebuleni.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Alimwomba Mama alale kitandani, kisha aamke kama anavyoamka siku zote, akamfuata nyuma na daftari. Ndara, bafu, pazia, birika, yote aliandika. Ndipo akapanga kwamba ikifika saa moja na nusu asubuhi na hakuna aliyepita, ujumbe uingie kwa simu ya Luseno na kwa yangu, maana mimi nina ufunguo.

Wiki mbili zilipita salama. Jumamosi moja, saa moja na nusu kamili, simu ikalia: "Mama hajaonekana." Nilitoka mbio na pajama, ndara moja mguuni. Nikafungua mlango, na Mama huyo mezani, anakunywa chai.

"Baba Everline, kuna nini? Kunaungua?"

Nikatazama juu. Sensa ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimetiwa wanga na kukunjwa mara mbili. Kina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kwake siku hiyo, na katika nyumba ile TV inavaa kitambaa, redio inavaa, hata mtungi wa gesi unavaa. Jana yake jioni alikuwa amemwomba msichana anayemfulia apande kiti azivike na sensa, zote tatu, zisimwaibishe.

Luseno alifika macho mekundu.

"Mama, funga nguo zako. Mimi siwezi haya maisha."

Mama alianza kuvua vitambaa kwenye makochi, kimoja kimoja, akivitia katika mfuko wa safari. Miaka yote hiyo sikuwahi kuyaona makochi yale yakiwa uchi. Nilitoka nje nikampigia Nakhumicha simu, na sioni haya kusema nililia.

Alikuja na bodaboda. Alizitazama sensa, na wala hakucheka.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilimfuata Mama akiamka. Sikumfuata akingoja wageni." Akamgeukia Luseno. "Lakini bro, siku ile alianguka, alipatikana saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na leo Baba Everline amefika saa ngapi?"

"Saa moja na dakika thelathini na tatu," nikajibu mimi.

Luseno alinitazama, pajama yangu na mguu wangu mtupu, akaketi kwenye kochi.

Nakhumicha alipanda kiti, akavua vitambaa vitatu, akampa mwenyewe. "Mama, unaweza kunifumia vingine, viwe na dirisha hapa katikati?"

Mama akapima dirisha lile kwa vidole. "Ngoja mpaka Jumatano."

Kisha, bila kumuuliza mtu, akaufungua mfuko na kuanza kuvirudisha vitambaa vyake kwenye makochi. Alipolifikia lile alilokalia Luseno, mwanawe akainuka, akampisha alivike.