Kuku Aliyeitwa Buli

Enzi zetu, na ninyi wenzangu mliokulia milimani mtanisahihisha nikikosea, mtoto hakuwa na penseli ya rangi. Alikuwa na mkaa. Alikuwa na udongo mweupe wa kuchimba kando ya njia ya kwenda mtoni, na majani ya maharage ya kusugua mpaka yatoe kijani, basi. Shuleni kila mmoja alikuwa na kibao chake cheusi na kijiti cha kuandikia, na ukikosea unafuta kwa mate na kiganja. Ndiyo maana watoto wote wa Suji, kijijini kwetu, walikuwa na viganja vya kijivu.

Asubuhi tulishuka shule na ukungu bado umelala juu ya migomba, miguu peku, viazi vitamu vya jana vikiwa vya moto mfukoni kwa sababu mama alivifukia kwenye majivu tangu alfajiri. Baridi ya Suji mnaijua. Kiazi kile kilikuwa kwanza cha kupasha mikono, halafu ndipo kikawa chakula. Siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wazazi wanapokwenda kuzibua mfereji au kusafisha ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba, sisi tulipelekwa kubeba majani, na tukirudi tunakuta makande yameiva, sufuria moja, mikono mingi. Wajukuu zangu hapa Same wakiona makande wananiuliza, "Bibi, leo hakuna chipsi?"

Lakini nataka kuwaambia habari ya kuchora.

Nilikuwa darasa la tatu wakati mwalimu mpya alipokuja kutoka Usambara. Mwingereza ndiye aliyetawala, na ukaguzi wa shule ulikuwa jambo la kutetemesha walimu, lakini huyu hakuwa mtu wa kutetemeka. Siku ya kwanza alituambia tuchore kuku. Hatukuwahi kuambiwa kitu kama hicho shuleni. Kuchora lilikuwa jambo la kuchapiwa! Nilichora kwa moyo wote, ulimi nje, na nilipomaliza nikakiinua kibao juu ili darasa zima lione.

Kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Buli!"

Darasa liliangua kicheko. Nikakitazama kibao changu tena na, jamani, lilikuwa buli la chai kabisa. Shingo ya kuku ndiyo ilikuwa mdomo wa kumiminia, mkia ndio mshikio. Mwalimu alikichukua kibao, akakigeuza huku na huku, akasema taratibu, "Buli zuri. Lina mfuniko hata." Kuanzia siku ile jina langu, Nakiete, likazikwa. Njiani nikawa Buli, mtoni Buli, hata kwenye kwaya ya watoto wakaniuliza: "Buli, chai tayari?"

Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Kesho yake mwalimu alinisimamisha mlangoni.

"Yule kuku ulimwona wapi?"

"Sikumwona, mwalimu. Nilimkumbuka tu."

"Ndiyo maana hana miguu. Nenda kamtazame wa kwenu."

Basi nikaanza kumfuata kuku wetu. Hakuna mnyama asiyejali msanii kama kuku. Ukikaa anasimama, ukianza mguu anageuka, ukifika kwenye kichwa ameshaenda kwa jirani. Nikachorea ukutani, kwa mkaa, kwa sababu kibao kilikuwa kidogo na hasira zangu kubwa. Mama aliporudi shamba akakuta ukuta wa nje, alioupiga udongo mweupe kwa ajili ya sikukuu, umejaa mabuli.

Sitaeleza yaliyofuata. Ila baada ya machozi kukauka mama alitoa hukumu: "Ukuta wa jikoni chukua, umeshakuwa mweusi. Huu mwingine ukiugusa, utanitambua." Baba, aliyekuwa mtu wa maneno machache sana, alisema kutoka uani, "Mkaa ni wa kupikia." Akanyamaza kwa wiki hiyo yote, kwa upande wa sanaa.

Nilichora kwa muda, nikachoka. Kila kuku mpya alikuwa buli jipya, labda lenye miguu. Nikaacha. Nikarudia mchezo wa kuteleza mteremkoni kwa magome ya migomba, ambao hauhitaji kipaji, unahitaji makalio tu.

Hapo ndipo dada yangu Namkunda alipochumbiwa. Namkunda ndiye aliyenilea; mgongo wake niliujua kabla ya uso wake. Alipatikana kijana wa Gonja, mtu mzuri, mcheshi, aliyefanya kazi ya reli huko Tanga. Nyumba ilijaa shangwe, wageni wakapanda na kushuka mlima, wazee wakazungumza mpaka wakakubaliana. Lakini Tanga ilikuwa mbali wakati ule. Tulikuwa tunaona moshi wa treni tukisimama ukingoni mwa mlima, kule chini Makanya, mdogo kama wa mtu anayechoma mahindi. Kila nilipouona moshi ule, nilimshika dada kanga.

Jioni moja tulikuwa jikoni tukichagua maharage. Namkunda akasema bila kuinua macho, "Nakiete, nichore. Nikiondoka mama abaki na mimi hapa."

"Nitakugeuza buli, dada."

"Bora buli kuliko ukuta mtupu."

Picha za kamera zilikuwa za watu wa Same mjini na wa mbali zaidi. Kwetu hakukuwa na hata moja. Kwa hiyo maneno yale yalinilemea, nikapaka udongo mweupe kipande cha ukuta ule mweusi, nikaokota mkaa.

Siku ya kwanza uso wake ulitoka boga. Siku ya pili mama aliingia na kuni, akasimama, akauliza, "Kwa nini umemchora mjomba wako?" Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Siku iliyofuata alikuwa mzee wa kanisa, ndevu na zote, ingawa ndevu sikuzichora mimi; mkaa wenyewe ulitapakaa. Kila jioni mama alichovya kitambaa kwenye tope jeupe na kumpaka yule wa jana, bila kumlaumu mtu, kama anayeosha sufuria. Ukuta ukabaki safi unanisubiri. Na Namkunda kila jioni alikaa palepale, akinyoosha shingo kama mtu anayetazamwa na mkuu wa wilaya.

Harusi ilipokaribia, mkono ukazidi kuharibika kwa sababu ya haraka. Jioni moja nilichora macho matatu kwa kukosea, nikautupa mkaa motoni. "Sichori tena! Siwezi, na sikuwahi kuweza!"

Namkunda hakunibembeleza. Aliinama, akachomoa kipande kingine pembeni mwa mafiga, akakipuliza majivu, akakiweka kwenye goti langu. "Jiko hili halijaishiwa mkaa," alisema. "Mimi nina unga wa kupepeta. Wewe fanya unachotaka."

Akanipa mgongo, akaanza kupepeta.

Nilikaa nimenuna. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na uso wa kuogopa, nikaanza kuona vitu. Niliona jinsi alivyoinamisha kichwa upande wa kushoto, kwa sababu mtungi wa maji alizoea kuubeba bega la kulia. Niliona fundo la kanga yake, lilivyokaa juu kidogo kuliko la mama. Kisigino kimoja kilikuwa hakigusi chini, kama mtu anayetaka kuondoka lakini bado hajaaga. Mkono ukafuata macho. Sikufuta kitu. Ungo uliponyamaza nami nilikuwa nimemaliza, na sikujua kwamba nimemaliza.

Namkunda aligeuka, akatazama. Akaweka kiganja mdomoni. "Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo," mama alijibu kutoka mlangoni. Safari ile hakuchukua kitambaa.

Sasa baba. Mnajua wanaume wa wakati ule na jikoni. Baba alikuwa hapiti pale ila nyumba ikiungua. Kesho yake, giza likianza kuingia, tulimwona amesimama mlangoni kwetu, fimbo mkononi, anatazama ukuta muda mrefu. Mwisho akakohoa. "Mama Namkunda," alisema, "mwambie binti yako apumzike. Ungo huo ameushika tangu jana."

Akaenda zake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia baba akitania, na mama alicheka mpaka akakaa chini.

Harusi yenyewe ilikuwa kubwa. Wali ulipikwa, nyimbo zikaimbwa kwa Kipare na Kiswahili, chai ikanyweka, na kila aliyeniona ameshika buli alikufa kwa kicheko. Tulimsindikiza Namkunda kushuka mlima mpaka stesheni. Treni ilipoondoka sikulia kama nilivyodhani ningelia. Nilikuwa nashughulika kutazama jinsi alivyoegemea dirishani.

Moshi wa jikoni haumwachi mtu. Picha ile ilififia, nikairudia, ikafifia, nikairudia tena. Mama alipopiga udongo aliruka sehemu ile tu. Katikati ya kurudia nikaanza kumwongezea vitu, mafiga, paka, kuku mwenye miguu miwili ya kweli. Sikumbuki siku niliyojua kuchora. Nakumbuka tu kwamba watoto wadogo walianza kuja jikoni kwetu wakisema, "Dada Buli, nichoree mbuzi," na mimi nikachora mbuzi. Namkunda alipokuja na mtoto wake wa kwanza, kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia jikoni, akasimama mbele ya ukuta akalalamika: "Mgongo wangu mpana hivi?" Mama akamwambia, "Tangu umefika Tanga umezidi." Tukacheka wote, na mtoto akacheka bila kujua sababu.

Sasa nakaa Same, kwenye vumbi na jua, milima naitazama kwa mbali. Wajukuu wananipenda. Mmoja alitaka kujifunza kuchora, akachora mara moja, akaona haijafanana, akasema, "Bibi, simu inachora yenyewe." Kweli inachora. Na picha wanazo, mama yao yupo kwenye simu zao mara mia, akila, akicheka, amesimama mbele ya kila gari. Juzi niliwauliza, kovu la mama yenu lipo shavu gani? Wakatazamana. Kisha wote wakainamia simu kutafuta, na mama yao alikuwa amekaa palepale mbele yao, anamenya ndizi.

Sisi hatukuwa na picha hata moja. Ilitubidi tutazamane.