Fundi Aliyepima Petroli Ikiwa Mwendoni

Sogea kidogo, wewe unayenisoma kila wiki, maana leo nataka kusema taratibu. Jumanne asubuhi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, simu ikaita. Aliyepiga ni mfanyabiashara mmoja wa Himo ambaye huwa hanipigii ila ana jambo. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mwandishi, fundi wetu ametutoka." Sikuuliza fundi yupi. Moshi ina mafundi wengi, lakini mimi na yeye tulikuwa na mmoja tuliyemwita hivyo bila kuongeza neno: mama wa makamo, mzaliwa wa Uru kule mlimani, mwenye gereji ndogo Majengo, kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka ya vitambaa. Aliugua wiki chache, akafia nyumbani akiwa na wanawe. Kinyozi aliniuliza kama aendelee au aache. Nikamwambia aendelee, kwa sababu marehemu hakupenda kuona kazi imeachwa katikati.

Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni safari ya petroli kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini. Ukimpelekea gari lenye breki mbovu alikuelekeza kwa jirani. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya gari langu kuukuu lililokuwa linakata pumzi kila nikipanda Uru. Mafundi wawili walikuwa wamelipima likiwa limesimama na wote wakasema ni zima. Yeye aliingia, akafunga mkanda, akaniambia, "Twende huko huko linakogomea." Tulipanda hadi lilipogoma, naye akagundua tatizo papo hapo, kando ya barabara, goti likiwa kwenye majani. Tangu siku hiyo nikawa napita kwake mara kwa mara hata kama sina shida, nakaa juu ya tairi kuukuu, napewa chai, naelezwa mambo.

Mojawapo ya mambo hayo ndilo nataka kukueleza leo, na nitakwenda polepole ili usipotee. Yule bwana wa Himo na mdogo wake walikuwa wameunda gari la mashindano kutoka kwenye gari dogo la kawaida la Kijapani. Pistoni, shafti, kila kitu walikitafuta kimoja kimoja kwenye magari yaliyokufa, miaka kadhaa ya Jumapili baada ya ibada. Mwishoni mdogo mtu akafunga mtungi wa gesi ya naitrasi, ile inayoliongezea gari nguvu ya ghafla. Kisha akaugua, akafariki kabla kitufe hakijabonyezwa hata mara moja. Kaka yake aliapa kwamba katika mashindano ya mbio fupi yaliyokuwa yanakuja, kule tambarare, atakibonyeza kwa niaba ya mdogo wake. Zilikuwa zimebaki siku nane. Injini ile haikuwa na ya pili, na mkono ulioiunda ulikuwa umeshazikwa.

Watu wengi hudhani ni gesi inayowaka. Haiwaki. Naitrasi inabeba oksijeni nyingi, na kazi yake ni kuuwezesha moto wa injini kula petroli nyingi zaidi kwa mara moja kuliko hewa ya kawaida inavyoruhusu. Dereva akibonyeza kitufe, vali mbili zinafunguka pamoja, moja ya gesi na moja ya petroli ya ziada. Gesi inatoka kwenye mtungi kwa nguvu yake yenyewe, kwa hiyo ni lazima ifike. Mashaka yapo kwenye petroli. Ikifika pungufu, moto unabaki na oksijeni nyingi na chakula kidogo, unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni inayeyuka kama mshumaa. Sekunde chache zinatosha. Ndiyo maana fundi wetu alikuwa akisema kwamba kufunga mtungi ni kazi ya mchana mmoja, na kuipangia petroli njia yake ni kazi yenyewe.

Bwana wa Himo alikuja Majengo akiwa na uhakika, akanikuta nimekaa juu ya tairi langu. Alifungua boneti, akawasha pampu, akamwonyesha fundi geji ya presha ya petroli iliyofungwa karibu na injini. Mshale ulikuwa kwenye bar tatu, pale pale panapotakiwa.

"Unaona, mama? Tatu. Haitikisiki," alisema.

"Naona, Mangi. Ni tatu ya petroli iliyosimama," fundi akajibu, akimwita kwa jina la heshima la Kichaga. "Vali imefungwa, haiendi popote. Hata mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti siwezi kuishiwa pumzi."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Jagi."

Alikuwa na jagi la plastiki la lita mbili, limepigwa alama ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Kabla ya yote alilisukuma gari mpaka uani, akaweka mtungi wa kuzimia moto miguuni pake, akamfukuza jirani mmoja aliyekuja kutazama na sigara. Kisha akaufunga mtungi wa gesi na kuutoa kabisa, ili asibaki na chochote isipokuwa petroli. Akachomoa bomba la petroli pale linapoingilia kwenye injini, na tundu lake dogo linalopimia kiasi cha petroli likiwa mahali pake, akaliingiza kwenye jagi. Halafu akaniambia mimi nishike saa na mwenye gari atazame geji, siyo jagi. Akafungua vali. Petroli ikaanza kumiminika. Nilihesabu kwa sauti, na nilipofika kumi na tano akafunga.

"Ilisoma ngapi?" alimuuliza mwenye gari.

Yule bwana akasema, "Moja na nusu."

"Na jagi?"

Wote tuliinama juu ya jagi. Petroli ilikuwa imeishia mbali chini ya alama iliyotakiwa.

Fundi alisifu mengi. Alisema mdogo mtu alikuwa na akili, kwa sababu alifunga tangi dogo la pili na pampu yake kwa ajili ya naitrasi peke yake, ili petroli ya ziada isigombanie njia na ile ya kawaida. Alisema nyaya za pampu ni nene inavyotakiwa, na chujio ni safi. Kisha kidole chake kikaenda kwenye kipande cha mpira mweusi kilichounganisha kirekebishi cha presha na injini. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kahawa angeutambua. Ni mpira wa bomba la kupulizia dawa. Nyumbani kwao Himo walikuwa na shamba la kahawa kule juu, na kijana alijua kwamba mpira ule unahimili presha miaka na miaka bila kupasuka. Ni kweli haukupasuka. Lakini ulitengenezwa kwa maji na dawa, siyo petroli. Petroli ilikuwa imeulainisha ukavimba kwa ndani. Fundi aliuchungulia kwa tochi upande mmoja, akanipa na mimi nichungulie. Ulikuwa kama koo la mtoto mwenye mafindofindo.

"Huu unatoka," alisema.

"Hautoki," mwenye gari akasema. "Huo aliufunga mdogo wangu kwa mikono yake. Badilisha kingine chochote."

"Kingine chochote hakina tatizo."

"Mama, mimi nimekuja uniambie gari liko tayari."

"Nikikuambia hivyo, Jumamosi ijayo utaichoma injini ya mdogo wako mbele ya watu. Ukiamua kuibonyeza na mpira huu, usiseme ulipita kwangu."

Mwenye gari alifunga boneti kwa nguvu, akaondoka. Fundi alimwaga petroli ya kwenye jagi kwenye dumu lake, akafuta mikono, akanimiminia chai. Nilimwambia huenda amemkosa mteja. Akasema, "Na akibonyeza, atakuwa amemkosa mdogo wake mara ya pili."

Siku ya tatu yule bwana alirudi. Gari alikuwa amelivuta kwa kamba, kwa sababu hakutaka kuiwasha injini njia ya petroli ikiwa wazi; mpira alikuwa ameshauchomoa mwenyewe, ameushika mkononi. Aliuweka juu ya meza. Fundi hakumwambia, "Si nilikuambia?" Alifunga bomba jipya la petroli, pana, lenye viungio vya chuma, kisha akarudia kipimo cha jagi, na safari hii akazungusha skrubu ya kirekebishi huku petroli ikiwa inatembea, mpaka mshale ukatulia kwenye tatu na jagi likafika alama. Akarudia mara nne. Mwisho akafunga swichi ndogo inayokata gesi yenyewe endapo presha ya petroli itashuka. Ule mpira mkuukuu akauosha kwa sabuni, akaukunja duara, akaufunga kwa uzi. "Huu ni wa mdogo wako," alimwambia. "Kautundike nyumbani. Alifunga alichokuwa nacho, na vingine vyote alivifunga vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua." Siku ya mashindano gari lile halikushinda, lilishika nafasi ya tatu. Lakini kitufe kilibonyezwa, gari likaondoka kama limesukumwa na mlima mzima, na injini ilipofunguliwa wiki iliyofuata pistoni zote nne zilikuwa na rangi ile ya kahawia hafifu, dalili ya moto ulioshibishwa sawasawa, ambayo fundi aliitazama kwa tabasamu la mtu anayetazama picha za wajukuu.

Nilimuuliza siku moja alijifunza wapi kipimo cha jagi, nikitarajia anitajie chuo. Akasema, "Kwa mama yangu, Uru." Kihamba chao, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilikuwa cha mwisho kwenye mfongo, ule mfereji wa kuchimba kwa jembe unaoteremsha maji ya mto kupitia mashamba ya watu. Ikifika zamu yao, wazee wa mfongo walifungua maji kule juu, wakaona yanaingia kwa wingi, wakarudi nyumbani na dhamiri safi. Chini, migomba ya mama ilipata tope. Alipolalamika walimwambia, "Tumefungua, mama. Tumeona kwa macho." Hakubishana nao. Zamu iliyofuata alipika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akawaalika waje wale kwake, akawapangia vigoda kihambani, pale maji yanapotakiwa kuingia. Binti yake ndiye aliyebeba mabakuli. Wakala, wakasubiri, wakaongea mpaka maongezi yakaisha. Maji yakaja membamba kama mkojo wa mbuzi. Mzee mmoja akaweka bakuli chini, akavua viatu, akaanza kupanda akiufuata mfereji, na katikati akakuta ukingo umebomoka ndani ya kichaka, maji yanamwagika bila mtu kujua. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na watu waliopima mwanzoni tu. Tangu hapo, alisema, mzee wa zamu kwenye mfongo ule huanza ukaguzi kutoka chini.

Nimekuwa nikiwaza habari hiyo tangu Jumanne. Tunapenda sana kupima pale petroli iliposimama. Tunakata utepe kwenye tangi la maji, hatuendi kwenye bomba la nyumba ya mwisho. Tunahesabu madawati yaliyoshushwa kwenye lori, hatumuulizi mtoto wa kiti cha nyuma kama anauona ubao. Hata mimi ninayewaandikia nimewahi kuridhika kwamba safu imechapwa, nisijiulize ni wangapi waliofika mstari wa mwisho wakiwa bado wananielewa. Tumezoea pia kuamini kwamba utaalamu wa kitu kipya ni lazima uteremke kutoka kwenye ndege. Mimi niliona magari ya Arusha na ya ng'ambo ya mpaka yakipanga foleni kwenye uchochoro wa Majengo kumsubiri mama mmoja mwenye jagi, na jagi lenyewe lilitoka Uru, kwenye bakuli la mtori. Ninajivunia mji huu kwa sababu yake, na sioni aibu kusema hivyo.

Tulimzika Ijumaa, kihambani kwao, mvua ya rasharasha ikinyesha juu ya migomba. Lile gari la mashindano lilipanda mpaka juu, polepole kuliko pikipiki, likaegeshwa chini ya shamba. Mwenye gari aliomba kusema neno. Alikuwa ameushika ule mpira uliofungwa kwa uzi. "Mimi nilimwonyesha geji," alisema. "Yeye akaniomba jagi. Injini ya mdogo wangu iko hai kwa sababu hiyo." Akakaa.

Mama yake fundi bado yupo, ameinama kwa umri, macho yanaona kwa shida. Baada ya maziko alikuwa amekaa mlangoni, nikaenda kumpa pole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono akaushikilia. Nilidhani atasema habari za binti yake. Akaniuliza, "Baba, wale waliokaa mwisho kabisa, kule kwenye mteremko, chakula kimewafikia?" Nikashuka kuangalia. Kilikuwa hakijafika. Tukachukua sufuria kutoka jikoni tukateremka nayo, na mwenye gari akashika upande wa pili.

Basi leo ukifika nyumbani, nenda kwenye bomba la mwisho, lililo mbali zaidi na tangi. Weka chini yake jagi la lita moja, fungua mpaka mwisho, na uhesabu sekunde mpaka lijae. Kisha fungua na mabomba mengine yote, rudi pale pale, uhesabu tena. Kama hesabu ya pili imerefuka sana, usilishike tangi. Anza hapo ulipo, ulifuate bomba kurudi juu, kiungo kimoja baada ya kingine.