Tangazo Nililolibandua kwa Mkono Wangu

Ofisi yenyewe siitaji, wenyewe wanajijua. Nilikuwa karani wa masjala pale, nikitunza faili za wafanyakazi, miaka minane, kila mara kwa kandarasi ya mwaka mmoja. Nilichokitaka ni kimoja tu: barua ya ajira ya kudumu, nami nizeeke na pensheni kama watu wengine.

Huku kwetu kuna utaratibu usioandikwa popote. Uchaguzi ukikaribia, washauri na wapiga debe walioletwa kazini na wanasiasa hutafutiwa nafasi za kudumu, ili bwana wao akianguka, wao wabaki. Sheria inataka nafasi itangazwe. Haya, inatangazwa! Ijumaa jioni, watu wakiwa wameshakimbilia magari ya kwenda kwao Ikonge, bosi ananipa karatasi. Naibandika ubaoni, naipiga picha iwe ushahidi, naibandua. Nilifanya hivyo mara nyingi bila kusoma hata mstari mmoja, na naona aibu kusema.

Siku moja nikaletewa faili mpya niipange. Ilikuwa ya bwana mmoja niliyemjua: kampeni zilizopita alizunguka soko la Daraja Mbili na kipaza sauti, akitukana wapinzani mpaka kina mama wa ndizi wakaziba masikio. Ndani mlikuwa na barua yake ya ajira ya kudumu, pamoja na picha ya tangazo, ile niliyoipiga mimi. Safari hii nikasoma. Karani wa masjala, nafasi moja. Nyasae, Mungu wangu! Kiti hiki hiki nilichokikalia!

Nikaingia kwa bosi bila kubisha hodi.

"Mkubwa, hii si kazi yangu?"

Hata hakushtuka. "Mama, ofisi nzima ni wewe tu uliyeliona tangazo. Mbona hukuomba?"

Kweli asante ya punda ni mateke. Hasira zilinipanda hadi machozi yakanitoka, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba aliniona nikilia. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, nimfundishe yule bwana kazi kabla kandarasi yangu haijaisha.

Nilimkuta masjala ameshafika, suti mpya, anatabasamu.

"Dada, hizi faili zinapangwaje?"

Nikamwambia zinapangwa kwa herufi, na herufi hufundishwa darasa la kwanza. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani siku kumi na tisa kabla ya siku yangu ya mwisho.