Ngamia wa Tisini na Saba

"Krismasi ikifika, Bukavu haitabaki na ukuta usio na ngamia wangu." Shabani Harerimana aliyasema hayo katikati ya soko la Kamembe, Septemba 1996, amesimama juu ya katoni. Hata wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliacha kidogo kufukuza inzi.

Katoni zilikuwa nne, zimetoka Dubai zikapitia Dar na Kigali. Ndani mlikuwa na kalenda mia nne za ukutani za mwaka 1997, kila mwezi na mnyama wake wa jangwani. Januari ngamia, Februari choroa mwenye pembe kama mikuki, Machi mbweha mwenye masikio makubwa kuliko akili yake, kisha ngamia tena, nadhani mpiga picha naye alichoka kutafuta. Shabani alikuwa fundi wa kushona. Aliuza cherehani zake mbili anunue mzigo huo, na ngamia mwenyewe hajawahi kumwona. Mteja alikuwa mmoja tu, Buhendwa, mwenye duka Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani la Rusizi.

Oktoba vita vikaingia Bukavu kabla ya ngamia. Duka likafagiliwa mpaka misumari. Buhendwa akaondoka kwa miguu kuelekea msituni, na hakuna aliyeleta habari zake tena. Upande wetu watu walikuwa wanarudi kutoka kambini bila hata sufuria. Nani anunue picha ya choroa? Tisini na saba ikaanza, ikaisha, kalenda zimelala.

Mwingine angezitumia kuwashia moto wa maharage. Shabani alikwenda kwa Ndagijimana, karani wa zamani wa parokia, mtu wa kuhesabu siku kwa penseli na vidole.

"Elfu mbili na tatu itaanza Jumatano, sawa na tisini na saba," Ndagijimana akamwambia. "Siku zote zitalingana. Weye ngoja tu."

Akangoja. Vita vya pili vikaja ng'ambo, mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, yeye anashona barazani kwa cherehani ya kukodi, anasema akiuza kalenda atarudisha zake mbili. Katoni zilikaa juu ya matofali, zimefunikwa shitingi, turubai la plastiki la wakimbizi, katika chumba kile kile alimolala yeye, mkewe Mukantwari na binti yao Zaina. Mvua ikivuja, katoni zilipanda kitandani na watu wakashuka chini. Mukantwari alizoea kuziita wake wenzake. Mwanzoni tulicheka. Mwaka wa nne hata yeye hakucheka.

Desemba 2002, Idi imepita wiki moja, mume na mke walianza kubandika "2003" juu ya "1997" kwa uji wa muhogo, ukurasa kwa ukurasa. Chini ya kila tarehe palikuwa na nyingine ndogo ya kijani, ya Kiislamu. Mukantwari ndiye aliyeisoma.

"Papa Zaina, hapa Ramadani inaanza tarehe kumi Januari."

"Wapi?"

"Hapa. Tumetoka kufunga juzi. Unataka tufunge tena?"

Shabani aliupeleka ukurasa mlangoni penye mwanga. Yeye, mtoto wa mwalimu wa madrasa, alihesabu jua akasahau mwezi, ambao kila mwaka hutangulia siku kumi na moja na haumsubiri mtu. Akakaa juu ya katoni, uji unamkaukia vidoleni.

Ijumaa, nje ya msikiti, Ntabaza muuza nyama alipekua kalenda moja, akamrudishia.

"Ndugu yangu, mfungo wa kwanza umenitoa kilo nne. Huu wako utanitoa roho. Pelekea Wakristo."

Akapeleka kijijini Gashonga, katoni kichwani. Épiphanie, mjane aliyekuwa anamalizia nyumba ya udongo, alizipitia kurasa zote kumi na mbili.

"Mzee, Pasaka iko wapi?"

"Haiko, Maman. Lakini Jumapili ziko zote."

"Jumapili kengele inaniambia. Na kalenda ya parokia batanipa bure." Akapapasa ukuta wake, vumbi likadondoka. "Ila hii karatasi ni ngumu, itafunika huu udongo. Unikatie banyama. Siku ubaki nazo."

"Hizo siku nimezingoja miaka sita, Maman."

"Pole, Mzee. Lakini siku haizibi ukuta."

Shabani alitoa mfukoni mkasi wake wa kushonea, akakaa kizingitini, akaanza na Januari. Majirani waliosikia kuna karatasi nzuri wakaja kupanga mstari. Zile Jumatano zilianguka miguuni pake pamoja na Ramadani zao za kijani. Kuku wakaja, wakadonoa, wakaziacha. Wiki iliyofuata alirudi na katoni zilizobaki, zimekatwa tayari.

Cherehani hakuipata, hata moja. Ngamia alikuwa faranga ishirini. Choroa na mbweha, kumi.