Kengele ya Mnara wa Tura

Agnetha wa Isevya, pale Tabora mjini, hakuwa mtu wa kuamini haraka. Ukimwambia chai ina sukari, anaonja kwanza. Tabia hiyo ilimfaa kazini, maana alikuwa mwangalizi wa minara ya simu katika kampuni moja ndogo, na kompyuta yake ililia kengele kutwa nzima kama mtoto anayeota meno.

Kengele ikilia, kompyuta iliuuliza mnara tena na tena, isije ikawa ni hitilafu ya kupita. Jibu likibaki lile lile, alama iligeuka nyekundu. Hapo Agnetha alitafuta shahidi mwingine kabla ya kumtuma fundi barabarani akachome mafuta bure.

Mchana mmoja mnara wa Tura ukalia: joto limezidi kwenye chumba cha mitambo. Kompyuta ikauliza, ikauliza tena. Nyekundu. Lakini kipimajoto cha pili, kilichokuwa juu ukutani, kilisema mambo shwari. Agnetha akampigia mlinzi.

"Shikamoo, mzee Masele."

"Marahaba, mama. Za Tabora?"

"Njema. Huko ndani kuna moto?"

"Hakuna."

"Umeingia ukaangalia?"

Mzee akasitasita. "Siwezi kuingia sasa hivi. Amelala."

"Nani amelala?"

"Nilimwonea huruma, mama. Huku nje upepo, na mle ndani pametulia. Siku zake zimekaribia. Ukimsogelea anakuwa mkali."

Agnetha akasimama wima. Kifungua mimba wake, Shukrani, alizaliwa ndani ya basi njiani kutoka Puge, abiria wameshika kanga kuwa pazia. Uchungu ule ukamrudia wote. Hakuuliza swali jingine. Akampigia nesi Josepha wa zahanati iliyo jirani na mnara, akampigia na fundi Ngassa aliyekuwa kijiji cha pili: wakimbie, kuna mama anajifungua kwenye chumba cha mitambo!

Wakaenda kwa pikipiki moja, Josepha nyuma amekumbatia beseni na mkoba wa kuzalishia. Mzee Masele akawapokea mlangoni, macho yamemtoka.

"Mgonjwa yuko wapi?" Josepha akauliza.

"Mgonjwa gani?"

Ndani, pembeni kabisa, kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai. Kipimajoto cha kwanza kilikuwa kimechomoka ukutani kikaangukia katikati ya mayai hayo, naye akawa anakiatamia kwa moyo mmoja.

"Agnetha," Ngassa akasema kwenye simu, kicheko kikimkaba, "mzazi hajambo. Ila ametudonoa sote wawili."

"Na mimi nimeacha foleni zahanati!" Josepha akapaza sauti nyuma yake.

Agnetha akajifunika uso kwa viganja, akacheka hadi machozi. Kuku alihamishiwa kibanda cha mlinzi pamoja na mayai yake, kipimajoto kikarudishwa ukutani. Ofisini wakambatiza Agnetha jina la Mkunga, na limemfuata mpaka kwaya ya kanisani. Siku hizi mlinzi akimwambia kuna mtu amelala ndani, huuliza kwanza kama ana manyoya.