Bunduki ilikuwa nyepesi mno: nilivyonusurika kuua watu wawili kwa sababu ya picha, Joburg

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Hili jambo nimekaa nalo karibu miaka miwili. Mke wangu hajui, nyumbani Tanga hawajui. Sitatia chumvi, maana lenyewe lilivyo linatosha.

Naishi Johannesburg, Bellevue. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mageti ya umeme. Nafanya na Mkongo mmoja wa Uvira, tunamwita Papa Furaha kwa jina la binti yake wa kwanza. Amenizidi kama miaka kumi na tano. Mtu wa kanisa, mpole, haongei sana.

Mwanzoni mwa 2017 tulipata kazi kwenye plot, kusini nje ya mji. Huku plot ni kama kashamba, nyumba zimeachana mbali. Mwenyewe alikuwa mzee wa kizungu, mstaafu. Kila mtu pale alimwita Oom, yaani mjomba, na mkewe Tannie, yaani shangazi. Na sisi tukawaita hivyo hivyo.

Wazee wale walitupokea vizuri, tofauti na nilivyozoea. Chai ilikuwa kwenye vikombe vya kwao wenyewe, si vile vya kutengewa vibarua. Waliopita kwenye majumba ya watu huku wananielewa.

Siku tunamaliza geti ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Oom akaniuliza kama nimewahi kupiga bunduki. Nikamwambia hata manati nilikuwa nakosa. Akacheka, akatuita nyuma ya nyumba.

Jamaa ana uwanja wa shabaha uani kwake. Kifusi kikubwa cha udongo kimepita urefu wa mtu, mbele yake ubao umebandikwa sahani za karatasi. Huku tuliposimama, meza ya mbao. Nyumba iko nyuma yetu.

Akatoa bunduki fupi nyeusi. Vibali anavyo vyote, na sheria ya huku inaruhusu mgeni kupiga mwenye silaha akiwa pembeni anamsimamia. Akanieleza kwamba ni rifle, ila inatumia risasi za bastola, nine mm, ndiyo maana haina teke kubwa.

Nilipoipokea nilishangaa. Drill yangu ya kutobolea ukuta ni nzito kuliko ile kitu.

Oom akanipa masharti matatu. Mtutu uangalie udongo muda wote. Kidole kikae nje ya triga mpaka niwe tayari kupiga. Nikimaliza, niilaze mezani kabla sijageuka. Nikaitikia yote, yes Oom, yes Oom.

Papa Furaha alikataa kupiga. Akavaa vile vya kuziba masikio, akasimama mbali kidogo nyuma yetu.

Sasa niwe mkweli. Nilifurahia mno. Risasi ya kwanza nilifumba macho. Ya tatu ikatoboa sahani. Bega haliumi, bunduki haikurushi, unagusa tu na kule karatasi inaruka. Mpaka namaliza magazini ya pili nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Oom naye anacheka, ananipigapiga mgongoni.

Katikati ya magazini ya tatu nikataka picha. Niwarushie washkaji wa Tanga.

Oom alikuwa ameinama mezani anajaza risasi kwenye magazini nyingine. Nikamwita Papa Furaha anipige na simu yake.

Akaitoa, lakini akasema, "Weka hiyo kitu kwa meza kwanza. Nitakupiga foto ukiwa pembeni yayo."

Nikamjibu, "Papa, hii haina uzito wowote, usiogope."

Wakuu, hilo ndilo jibu nililompa mtu aliyekimbia vita.

Nikageuka. Nimeishika kwa mkono mmoja kama komandoo, meno yote nje.

Sikumbuki kuvuta triga. Nakumbuka mlio, halafu nakumbuka Papa Furaha amechuchumaa chini, mikono kichwani.

Nikajua nimeua.

Sikuweza kumwendea. Oom aliichukua ile bunduki mikononi mwangu taratibu kama unavyomchukua mtoto aliyelala, akatoa magazini, akatoa risasi iliyobaki ndani, akailaza mezani. Hakunigombeza. Uso wake tu ulikuwa mweupe kama chokaa.

Papa Furaha akaanza kujipapasa. Shingo, sikio, bega. Akaangalia viganja vyake, havina damu.

"Niko muzima," akasema. Akarudia, "Niko muzima," kama anayemwambia mtu mwingine.

Tulipoinua macho, tukaona maji. Pembeni ya nyumba kulikuwa na tangi kubwa la plastiki la kukinga mvua, na kwenye ubavu wake maji yanaruka kama bomba lililopasuka. Risasi ilipita karibu na sikio la mwenzangu ikaingia mle.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, Tannie akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Akamuuliza mumewe kwa nini tangi linavuja.

Oom akaniangalia mimi.

Nikaelewa kwamba ni mimi wa kusema. Nikamfuata Tannie, nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki cha mageti: nilikuwa napiga picha, nikageuka na bunduki, ikalia, risasi ikaingia kwenye tangi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Njoo ndani."

Akanipeleka jikoni, akanisimamisha mbele ya sinki. Povu bado lilikuwa kwenye maji.

"Simama hapa," akasema. "Nilikuwa hapa. Angalia nje."

Nikaangalia. Lile tangi liko nje ya dirisha hilohilo, limeziba nusu yake, na maji yanatokea upande wa pili. Akaniwekea kidole kifuani, katikati, akakiacha hapo. Ndipo risasi ingefika.

Mwaka wa nyuma kulikuwa na ukame Joburg nzima, matangi yote yalikuwa makavu. Mvua zilikuwa zimerudi majuzi tu. Oom alinieleza baadaye siku ileile kwamba maji ndiyo yaliyoizuia ile risasi. Tangi lingekuwa tupu, ingetoboa plastiki pande zote mbili, na kioo.

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima na ovaroli langu, jikoni kwa watu. Tannie akanivutia kiti, akanipa chai yenye sukari nyingi, akarudi kuosha vyombo.

Wakati tunaondoka, Oom alisema na yeye ana kosa, hakupaswa kuniondolea macho hata sekunde. Akanipa mkono. Hakutuita tena, na simlaumu. Mwezi uliofuata nilirudi kubadilisha lile tangi, nikawakuta hawapo, mfanyakazi akanifungulia.

Njiani kurudi Bellevue, tuliposimama kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, Papa Furaha akaongea akiangalia mbele.

"Nilikimbia Uvira juu ya ile kitu. Nilipita Burundi, Tanzania, Zambia, nikalala porini na mutoto mugongoni. Sitaki kufia huku juu ya foto."

Halafu akanipa simu yake. Picha ilikuwa imetoka. Mimi nacheka, kidole kimo ndani ya triga, na mtutu unamwelekea yeye mpiga picha, juu kidogo ya bega lake.

Nikamwomba aifute. Akasema, "Nitakutumia. Utaifuta mwenyewe."

Alinitumia usiku uleule. Sijaifuta. Bado tunafanya kazi pamoja, Jumatatu ile ile alikuja kama kawaida na koleo lake. Amenisamehe, alisema kwa mdomo wake. Ila hajawahi tena kukubali kunipiga picha, hata ubatizo wa mwanangu alimwachia mtu mwingine simu.

Nilichojifunza: masharti niliyasikia yote na niliyaelewa yote. Sikukosa elimu. Furaha ndiyo ilinisahaulisha, na wepesi wa ile silaha ukanidanganya kwamba nimeshika kitu cha kuchezea. Mtu akikwambia weka chini kwanza, weka chini. Usimuulize anaogopa nini, huenda anakijua kuliko wewe.

Wanajeshi, askari na walinzi mliomo humu, karibuni mnifundishe, na matusi nitayapokea, nayastahili. Ila aliyewahi kumkosa mtu kwa inchi chache kama mimi, naomba aniambie kitu kimoja: wewe ulilala vipi usiku wa kwanza?